Kusahau si Kupitiwa

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wastaafu wenzangu mjini Tanga. Nimeyaandika kwa ombi la waliokaa nyuma, ambao kipaza sauti kiliwanyima nusu ya mazungumzo.

Ndugu Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni. Na ninyi mliostaafu juzi, ambao bado mnaamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea, habari za asubuhi.

Mwenyekiti alinipigia simu wiki tatu zilizopita. "Mwalimu, njoo utupe dawa ya kusahau." Nikamuuliza anasahau nini. Kila kitu, akasema: miwani, majina ya wajukuu, siku ya kikao. Nikamuuliza habari za kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Akanimwagia hesabu yake yote hadi senti, pamoja na rangi ya shati alilovaa karani aliyemwambia arudi Jumatatu.

Basi tuanzie hapo. Ubongo wa Mwenyekiti ni mzima. Ila hauweki anachotaka yeye uweke. Unaweka kilichomuuma, kilichorudiwarudiwa, na alichokikazia macho. Miwani haijawahi kumuuma mtu.

Nilifundisha baiolojia kwa miaka 34. Wanafunzi wangu wamesahau mengi niliyowafundisha, na mimi nimesahau majina ya wengi wao, kwa hiyo hatudaiani. Lakini nimekuja na jambo moja linalonisumbua. Sisi wazee tunaogopa kusahau. Mwenye kusahau angalau anajua kuna kitu hakipo. Mwenye kukumbuka vibaya hajui kitu, na anaapa. Nitafika huko. Kwanza tucheze kidogo.

Asiguse mtu pochi yake. Noti ya shilingi 2,000, mbele ina mnyama gani? Naam, simba, wengi mmepata. Nyuma yake kuna picha gani?

(Hapo palikuwa kimya. Mzee mmoja alisema Mlima Kilimanjaro. Mwingine akasema bandari, kwa sababu yeye alifanya kazi bandarini.)

Ni Ngome Kongwe ya Zanzibar. Na ile ya 1,000, nyuma ya Mwalimu Nyerere? Ikulu. Ya 10,000 nyuma ya tembo? Jengo la Benki Kuu. Noti hizi mmezihesabu, mmezikunja, mmezificha chini ya godoro. Marekani mwaka 1979 watafiti Nickerson na Adams waliwaomba watu wachore sarafu yao ya senti moja. Sarafu ile ina alama kuu nane. Mtu wa kawaida aliweza kukumbuka na kupanga mahali pake tatu tu.

Mtasema mmesahau. Hapana. Hamkuwahi kujua. Noti mnaitambua kwa rangi na ukubwa, mkishapata hilo macho hayana haja na mengine. Kusahau kunataka kwanza kitu kiwe kimeingia.

Kiswahili chetu kina neno zuri kwa hali hii, nalo ni kupitiwa. Usingizi humpitia mtu, na jambo nalo humpitia mtu. Limepita mlangoni kwake, yeye hakuinua kichwa. Unaingia ndani, simu inaita, unaweka miwani juu ya friji huku unasema haloo. Akili yote iko kwa anayepiga. Dakika kumi baadaye unapekua kichwani ukitafuta picha ya mkono wako ukiweka miwani, na picha hiyo haipo kwa kuwa haikupigwa. Mimi siku hizi nasema kwa sauti: "Miwani, juu ya friji." Mjukuu wangu ananicheka. Miwani naipata.

Ndiyo maana naomba tuache kusema "uzee huu" kila tunapopitiwa. Vijana wanapitiwa vilevile, tofauti ni kwamba wao wakipoteza funguo wanalaumu funguo.

Majina ni habari nyingine. Mtu akikwambia yule bwana ni mvuvi, mara moja unaona ngalawa, unasikia harufu ya samaki, unamkumbuka mjomba wako aliyekuwa na dema. Akikwambia yule anaitwa Bwana Mvuvi, huoni kitu. Neno ni lile lile, ila kazi ina kulabu nyingi za kujishikiza na jina halina hata moja. Watafiti wamelipima hili kwa kuwaonyesha watu sura, na kazi ya mtu hukumbukwa kirahisi kuliko jina lake, hata kama neno halibadiliki. Wazee wetu walilitatua zamani kwa kuita watu Mama Fulani, Baba Fulani, Fundi, Mwalimu. Nimekaa jirani na Mama Zuhura miaka 20. Jina lake nilikuja kulisikia kwenye kadi ya mwaliko, nikauliza huyu ni nani.

Wakati mwingine jina limeingia na limo, ila halitoki. Liko kwenye ncha ya ulimi. Mwaka 1966 Brown na McNeill, pale Harvard, waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu na kuwaomba walitaje neno lenyewe. Waliokwama mara nyingi waliweza kusema linaanza na herufi gani, na lina silabi ngapi. Kwa hiyo kitu unacho, mlango ndio umeng'ang'ana. Usiusukume kwa hasira. Linakuja saa nane za usiku ukiwa umelala chali, halina faida tena.

Sasa yale yaliyoingia kweli, yanaondokaje? Mwaka 1885 Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kazi ya kuchosha kuliko zote nilizowahi kusoma habari zake. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, akawa anakariri mafungu yake peke yake, yeye mpimaji na yeye mpimwaji. Kisha akapima: nikirudi baada ya muda, ni sehemu gani ya ile kazi ya kujifunza nimeokoa? Baada ya dakika 20 alikuwa ameokoa kama asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, kama 34. Baada ya siku 31, bado 21.

Tazameni umbo lake. Ni kama kikombe cha chai kinavyopoa: mwanzoni joto linakimbia, baadaye linasuasua. Hasara kubwa inatokea siku ya kwanza. Na hata mwezi ulipopita, alipoona hana kitu kichwani, kujifunza upya kulikuwa kwepesi kuliko mara ya kwanza. Mabaki yapo.

Wale mliopita chuoni kwa maalim mnajua dawa ya kupoa huko, mliipata kabla hamjajua kuvaa viatu. Kabla ya kupewa aya mpya, ulisoma za jana. Kila baada ya muda ulirudishwa kwenye za mwezi uliopita. Kudurusu. Na hukudurusu kwa kutazama, uliambiwa funga msahafu, soma, naye maalim anakusikiliza na kukushika pale ulipoteleza. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, katika chuo kikuu kimoja mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Kundi moja likasoma tena. La pili likafunga na kujaribu kuandika lililokumbuka. Dakika tano baadaye, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojaribu kukumbuka walikuwa na asilimia 56, wale wengine 42.

Mimi kwa miaka 34 niliwaambia watoto wa watu, "Nendeni mkasome madaftari." Wakasoma, wakarudia kusoma, kila kitu kikaonekana kinafahamika, wakaingia kwenye mtihani wakatazama dari. Maalim wa mtaa, asiye na cheti cha ualimu, alikuwa na njia bora kuliko mimi. Hili linaniuma, nalo bila shaka sitalisahau.

Usingizi nitautaja tu. Tangu 1924, Jenkins na Dallenbach walipowapima wanafunzi wawili katika chuo cha Cornell, inajulikana kwamba mtu akijifunza jambo kisha akalala, hubakiwa na mengi kuliko aliyejifunza kisha akashinda macho kwa saa zile zile. Anayekesha na taarifa ya habari mpaka saa saba za usiku asije kunililia.

Kuna mtu mmoja naye aliishi na kusahau kuliko sisi wote, na ubongo wake umetufundisha mengi. Henry Molaison, Mmarekani aliyezaliwa 1926, alikuwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari wa upasuaji William Scoville alimkata pande zote mbili sehemu ya ndani ya ubongo inayoitwa hipokampasi, iliyojikunja kama kale kasamaki kenye kichwa cha farasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza kushika jambo jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alikuja kumpima mara kwa mara kwa miaka mingi, na kila mara alikuwa mgeni.

Yaliyotangulia, hasa ya utotoni, yalibaki. Na cha ajabu zaidi: Milner alimpa kazi ya kufuatisha mistari ya nyota kwa penseli huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku ya kwanza alikosea sana. Siku ya tatu alikuwa fundi, na hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi ile. Mkono ulijifunza, mwenyewe hana habari. Ndipo ikajulikana kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Kuendesha baiskeli, kusuka ukili, kukanda unga, vina makao tofauti na habari za jana. Bibi anayemsahau mjukuu wake bado anaweza kusuka mkeka bila kukosea njia. Henry alifariki 2008, akiwa na miaka 82.

Sasa nimefika nilipotaka.

Tarehe 14 Oktoba 1999, Alhamisi, Mwalimu Nyerere alifariki London. Wengi wenu mnajua mlikuwa wapi Rais Mkapa alipotangaza. Mimi pia najua. Nilikuwa Kidato cha Tatu, nafundisha mzunguko wa damu, nimechora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na ya bluu. Makamu mkuu wa shule akasimama mlangoni, redio mkononi, hakusema neno. Wasichana wa mbele wakaanza kulia. Hadithi hii nimeisimulia misibani, harusini, na mara mbili kwenye paredi ya shule.

Miaka michache iliyopita kaka yangu aliyekuwa akiishi Mwanza alifariki, na katika makaratasi yake wakakuta barua yangu ya wiki ile ile ya Oktoba. Nimeandika: "Habari ya Mwalimu imetukuta kwenye basi, tumefika Segera, dereva akazima muziki." Nilikuwa narudi kutoka kumuuguza shangazi. Mwandiko ni wangu, na sahihi ni yangu, ile ya zamani yenye mkia. Kidato cha Tatu sikuwapo.

Mnajua kinachonitisha? Nimesoma barua ile mara nyingi, na basi silikumbuki. Darasa ndilo ninalolikumbuka, hadi leo naiona chaki.

Nilidhani nimeharibika, mpaka nikasoma habari za mwanasaikolojia Ulric Neisser. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka tarehe 28 Januari 1986. Asubuhi iliyofuata, Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa chuo cha Emory karatasi waandike: ulisikia wapi, ulikuwa na nani, ulikuwa unafanya nini. Zikatunzwa. Zaidi ya miaka miwili baadaye wakawaita 44 kati yao, wakawauliza upya. Watatu walipata yote. Kumi na mmoja walikosea kila kitu, na baadhi yao walikuwa na uhakika kabisa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi kwa yeyote.

Kwa nini? Kwa sababu hatuna sanduku la picha kichwani. Kila unapokumbuka unajenga upya, kwa vipande vilivyopo, na pengo unaliziba kwa kinachofaa. Mwalimu wa shule anastahili kuwa darasani siku ya msiba wa Mwalimu. Inapendeza. Na kila unaposimulia, kinachobaki ni yale masimulizi. Basi la Segera halikuwa na wa kulisimulia, likafa.

Wengine wanaweza hata kukuzibia pengo wao, kwa neno moja tu. Elizabeth Loftus na John Palmer, 1974, waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari. Walioulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogusana" walikadiria kama maili 32 kwa saa. Walioulizwa "yalipobamizana", kama 41. Filamu zile zile. Katika jaribio la pili, baada ya wiki, wakaulizwa: mliona vioo vilivyovunjika? Waliosikia "kubamizana", 16 kati ya 50 wakasema ndiyo. Waliosikia neno la kawaida la kugongana, 7 kati ya 50. Vioo havikuwapo kabisa.

Mwaka 1984, katika mji wa Burlington, North Carolina, msichana wa chuo, Jennifer Thompson, alivamiwa na kubakwa usiku. Wakati anateswa alijilazimisha kuisoma sura ya yule mtu ili aje amfunge. Akaonyeshwa picha, akamchagua Ronald Cotton. Kwenye gwaride la utambuzi akamchagua tena, na askari wakamwambia ndiye yule yule wa kwenye picha. Toka hapo hakuwa na shaka. Cotton akafungwa maisha. Mwaka 1987 kesi ilisikilizwa upya, na mahakamani akaletwa mfungwa mwingine, Bobby Poole, aliyekuwa akijitapa gerezani kwamba ni yeye aliyefanya. Jennifer alimtazama, akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 kipimo cha vinasaba kikaonyesha ni Poole. Cotton alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka kumi.

Jennifer hakusema uongo. Kila alipoufikiria usiku ule, ilikuja sura ya Cotton, kwa sababu ndiyo aliyokuwa ameiona mara nyingi.

Nawaambia haya kwa kuwa sisi ndio tunaoitwa. Ugomvi wa mpaka wa shamba ukifika baraza la kata, watamtafuta mzee. Mirathi ikigombewa, watamtafuta mzee. "Bibi, marehemu alisemaje?" Na tunajibu kwa kifua. Mimi sasa nikiitwa, nauliza kwanza kama kuna karatasi. Na mkiwa wawili mlioshuhudia jambo, msiketi kulikumbushana kabla ya kwenda, mtatoka na kumbukumbu moja, tamu, ambayo si ya yeyote kati yenu.

Ugonjwa sasa, kwa sababu najua ndio uliowaleta wengine. Mwaka 1901, Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alikaa na mama wa miaka 51, Auguste Deter. Jina lako? "Auguste." Mumeo anaitwa nani? "Auguste, nadhani." Alikuwa anakula nyama ya nguruwe na koliflawa, akaulizwa anakula nini, akasema mchicha wa kizungu. Alipofariki 1906 daktari alichunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta mabonge na nyuzi zilizosokotana. Ugonjwa ukachukua jina la daktari.

Kusahau namba ya siri ya simu si huo. Kinachotaka hospitali ni hiki: mtu anapotea njia ya sokoni aliyoipita miaka 30, anauliza swali lile lile mara tano ndani ya saa moja, chenji inamshinda aliyekuwa mfanyabiashara, tabia inageuka. Na wanaoliona kwanza huwa ni watu wa nyumbani, mwenyewe mara nyingi anakataa. Mpelekeni mapema, maana mengine yanatibika na yanafanana na huo ugonjwa: tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, upungufu wa vitamini B12, sonona, maambukizi ya mkojo, sukari isiyodhibitiwa, baadhi ya dawa za usingizi na za mafua. Na masikio. Mtu asiyesikia vizuri tunamwita msahaulifu, kumbe maneno hayakumfikia.

Hospitali, nimesema. Kila baada ya muda tunasikia bibi kaokotwa alfajiri uani kwa watu, hana nguo au kavaa kanga moja, na mtaa umejaa kupiga picha: mchawi kadondoka. Mimi nikisikia hivyo nauliza vitu viwili. Zamani alikaa wapi? Na alikuwa anatafuta mlango gani? Mtu ambaye ubongo umemfutia miaka 40 ya karibuni huamka usiku kwenda nyumbani, nyumbani kwa mama yake, na nyumba hiyo huenda ilikuwa pale pale uani. Kuna akina mama wameuawa katika nchi hii kwa tuhuma kama hizo. Hapo sitanii.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dawa aliyoniomba sikuja nayo, nimekuja na bahasha. Katibu anawagawia karatasi. Andikeni: umeketi karibu na nani, mimi nimevaa nini, na mzee aliyesema Mlima Kilimanjaro alikuwa nani. Zinafungwa, zinakaa kwa Katibu, tutazifungua kwenye mkutano wa mwakani, baada ya kuulizana kwa mdomo kwanza. Kila mtu na yake, jamani. Wewe wa mstari wa pili, acha kutazamia kwa jirani.